Uteuzi wa Washairi wa Kutahiniwa Katika Shule za Sekondari za Kenya

Kila itangazwapo orodha mpya ya vitabu vya fasihi vitakavyotahiniwa katika shule za sekondari za Kenya, mjadala huzuka, na aghalabu mjadala huo huwa juu ya riwaya na tamthilia. Huulizwa ni kwa nini riwaya hii imeteuliwa na ile ikaachwa, kama lugha yake yawafaa vijana, kama mwandishi ameielekea siasa kupita kiasi. Juu ya ushairi halisikiki neno. Si kwamba wasomi wameafikiana kuhusu washairi wanaostahili kusomwa. Ni kwamba katika orodha hiyo hamna mshairi wa kugombaniwa. Mtahiniwa wa KCSE, mtihani uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989, hupewa katika karatasi ya tatu, yaani karatasi ya fasihi, shairi ambalo hakulisoma kabla, akaulizwa maswali juu yake. Riwaya, tamthilia na diwani ya hadithi fupi amezichambua darasani pamoja na mwalimu wake. Shairi hukutana nalo siku ile ile ya mtihani.

Matokeo yake yaonekana wazi kwa kila mhadhiri apokeaye wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kijana aliyetoka shule anaweza kumtaja Assumpta Matei kwa Chozi la Heri, Pauline Kea kwa Kigogo, au Clara Momanyi kwa Nguu za Jadi, akaeleza na wahusika wao mmoja mmoja. Akiombwa amtaje mshairi mmoja wa Kiswahili ambaye amesoma diwani yake nzima, hunyamaza. Anajua maana ya ukwapi na utao, anajua kuhesabu mizani hadi kumi na sita, na hamjui mtu yeyote aliyetunga. Fasihi ambayo tungo zake za kale zilizohifadhiwa ni za kishairi karibu zote imefundishwa kana kwamba tungo hizo zilijiotea zenyewe.

Kutoteua nako ni kuteua

Hoja zinazotolewa kutetea mpango huu si za kupuuzwa. Shairi lisilofahamika hupima ufahamu wa mtahiniwa mwenyewe, wala si kumbukumbu yake ya maelezo aliyoyakariri kutoka kwenye miongozo ya vitabu. Aidha halimgharimu mzazi kitabu kingine. Tena humwepusha mtahini na lawama, kwani hapana awezaye kusema kwamba amempendelea mshairi wa Mvita dhidi ya mshairi wa bara, au mhafidhina dhidi ya mwanamapinduzi. Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 na Kiswahili kikawa somo la lazima, watahiniwa wametoka katika kila pembe ya nchi, na yadhaniwa kwamba haki kwao wote ni kuwapa shairi ambalo hapana hata mmoja wao aliyelizoea.

Lakini mtazame mtahini anapoketi kulitafuta shairi lenyewe. Lazima liwe fupi, litoshe katika ukurasa mmoja pamoja na maswali yake. Lazima litoe alama ishirini: maudhui, umbo, tamathali, kuandikwa kwa ubeti mmoja kwa lugha nathari, maana ya msamiati, na mifano miwili au mitatu ya uhuru wa mshairi. Utenzi wa beti mia moja hauwezi kuingia. Shairi ambalo ni jibu la shairi jingine haliwezi kuingia, kwa kuwa litahitaji mwenzake. Shairi linalomtaja mtu au vita ambavyo lazima vielezwe kwanza haliwezi kuingia. Linalobaki ni shairi la tarbia la beti sita au saba, lenye vina bayana na mawaidha, lililotungwa kwa Kiswahili sanifu, na lenye inkisari chache za kutajwa. Mashairi huru hayakosekani katika mitihani hiyo, walakini nayo huteuliwa kwa kigezo kile kile cha kujitosheleza. Basi uteuzi umefanyika, tena ni uteuzi mkali kuliko ule wa orodha yoyote, ila haukutangazwa na hivyo haubishwi.

Ni ajabu kidogo kwamba jambo hili halikupata kujadiliwa kwa ukali uliotumika kwingineko. Mwezi Oktoba mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walipotoa waraka wao katika Chuo Kikuu cha Nairobi wakitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe, swali lao lilikuwa ni hili hasa: ni fasihi ipi iwekwe katikati, na ipi pembeni? Mwezi Septemba 1974 walimu walikutana katika Nairobi School kulijadili swala hilo kwa upande wa shule za sekondari. Mashauri hayo yalielekea zaidi kwenye fasihi iliyofundishwa kwa Kiingereza. Kiswahili kilionekana kuwa tayari kiko nyumbani, hivyo hakikuhitaji kurudishwa. Mitihani nayo ilihama kutoka Cambridge hadi Baraza la Mitihani la Afrika ya Mashariki lililoundwa mwaka 1967, na kisha hadi Baraza la Mitihani la Kenya mwaka 1980, lakini kuhama kwa wenye kutahini hakukulazimisha jibu la swali la washairi.

Mfano wa Tanzania

Nchini Tanzania njia iliyofuatwa kwa miaka mingi ni nyingine. Huko diwani zilitajwa kwa majina. Katika kidato cha tatu na cha nne palikuwa na Wasakatonge ya Mohammed Seif Khatib, Malenga Wapya ya TAKILUKI na Diwani ya Mloka; katika kidato cha tano na cha sita palikuwa na Mapenzi Bora ya Shaaban Robert, Chungu Tamu ya Theobald Mvungi, Fungate ya Uhuru ya Khatib na Kimbunga ya Haji Gora Haji. Mwanafunzi wa Songea au Bukoba alijua kwamba Haji Gora ni mtu wa Tumbatu, na kwamba baadhi ya maneno yake hayamo katika matumizi ya kila siku ya Dar es Salaam.

Mfano huu haupasi kusifiwa bila kiasi. Swali la mtihani lililozoeleka huko lilimtaka mtahiniwa athibitishe kauli fulani kwa kutumia diwani mbili alizosoma, hoja tatu kutoka kila moja. Wanafunzi wakajifunza kuzichimba diwani kama machimbo ya dhamira: shairi fulani, umuhimu wa elimu, shairi fulani, rushwa, shairi fulani, mapenzi ya kweli. Mtu aweza kupata alama za juu bila kukumbuka sauti ya ubeti mmoja. Hata hivyo kosa hilo ni la swali, si la orodha. Swali laweza kurekebishwa kwa mwaka mmoja. Mwanafunzi asiyejua kwamba kuna washairi hawezi kurekebishwa kwa urahisi hivyo.

Muyaka na tatizo la lahaja

Iwapo orodha itafanywa Kenya, jina la kwanza litakalotajwa ni la Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840. Na jina hilo ndilo litakalokuwa la kwanza kupingwa. Itasemwa kwamba lugha yake ni ngumu.

Ugumu huo wapasa kuchunguzwa, kwani una sehemu mbili ambazo huchanganywa. Sehemu ya kwanza ni ya historia. Tungo nyingi za Muyaka zilizaliwa katika ushindani wa Mombasa ya Wamazrui na wapinzani wake, Lamu kwanza na kisha Sayyid Said, ambaye aliushika mji huo mwaka 1837. Mshairi aliwasemea watu wake, aliwakejeli maadui, aliwaonya wenye kusita. Washairi wa Lamu, akiwamo Bwana Zahidi Mngumi, nao hawakuwa kimya. Ushairi wa namna hii hukamilika kwa kujibizana. Kumteua Muyaka peke yake, kwa desturi ya mitihani ya Kizungu ambayo humtenga mtunzi mmoja na kumweka juu ya meza, ni kusikiliza upande mmoja wa mazungumzo. Maadamu ndivyo, kinachofaa kuteuliwa pengine si mshairi bali ni malumbano.

Sehemu ya pili ni lahaja, na hapa ndipo shule zimekosea zaidi. Katika Kimvita macho ni mato, nchi ni nti, mchanga ni mtanga, na kucheka ni kuteka. Mwanafunzi wa Nakuru asomapo kwamba mtu fulani alikuwa akiteka, humdhania yuko kisimani. Hilo ni jambo dogo, lamalizwa na maelezo ya neno moja pembeni. Jambo kubwa ni jina ambalo mwalimu hulipa. Katika mafunzo ya sekondari mwanafunzi hufundishwa kwamba mshairi ana uhuru: aweza kufupisha neno, kulirefusha, kuboronga sarufi, na kutumia lahaja, ili kutosheleza vina na mizani. Akiona mato, huandika kwamba mshairi ametumia uhuru wake, na hupata alama.

Jibu hilo si sahihi. Muyaka hakuacha macho akachukua mato kwa ajili ya kina. Mato ndilo neno lake, la mama yake na la muuza samaki wake. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa usanifishaji katika mkutano wa mwaka 1928, nao, kwa kinaya cha historia, ulifanyika Mombasa. Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki ikaundwa mwaka 1930. Mwanafunzi huyo basi anatuzwa alama kwa kusema kwamba mshairi alikiuka kanuni zilizowekwa miaka tisini baada ya kuzikwa kwake. Na mtoto wa Kibokoni au wa Old Town ambaye nyumbani kwao bado husema mato hujifunza darasani kwamba lugha ya kwao ni hitilafu inayosameheka katika mashairi tu.

Wahariri wengine wamependekeza kwamba tungo hizo zigeuzwe kwa Kiswahili sanifu kabla ya kupewa wanafunzi. Pendekezo hili halitekelezeki hata kama mtu angelikubali. Mshairi aliyeifunga mishororo yake kwa kina cha -to hawezi kugeuziwa mato yakawa macho na kina kikasalimika. Fauka ya hayo Kimvita hutofautisha sauti mbili za t, ile ya menoni na ile ya ufizini, nazo katika maandishi ya kawaida ya Kilatini huandikwa kwa herufi moja. Msikilizaji wa Mombasa husikia usahihi au ulegevu wa kina mahali ambapo msomaji wa kitabu haoni kitu. Hapa hata chapa iliyo aminifu haitoshi. Shairi latakiwa lisikike likighaniwa.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba Muyaka tuliye naye ni Muyaka aliyekwisha kuteuliwa. Tungo zake zilikusanywa mwishoni mwa karne ya 19 na mmisionari W. E. Taylor kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua, zikachapwa na William Hichens mjini Johannesburg mwaka 1940, kisha zikachunguzwa upya na Mohamed H. Abdulaziz katika kitabu chake cha mwaka 1979. Hizo ni tungo ambazo wazee walizikumbuka na wakusanyaji walizithamini. Mwanafunzi anayeambiwa habari hii amefundishwa jambo la maana kuhusu fasihi zaidi ya idadi ya mizani.

Mwana Kupona na anwani ya kitabu

Kuhusu washairi wa kike, kamati nyingi zingefikia haraka jina la Mwana Kupona binti Msham, na utendi alioutunga mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake. Haraka hiyo inahitaji kutiwa breki. Utendi huo hufahamika kuwa ni mafunzo ya mke kumtii mumewe, na swali la mtihani latabirika kabla halijaandikwa: jadili nafasi ya mwanamke. Mtahiniwa atajibu kwamba mwanamke amedunishwa, na atapata alama zake.

Usomaji huo kwa sehemu umetokana na wahariri. Alice Werner na William Hichens walipouchapa utendi huu mwaka 1934, waliupa kwa Kiingereza anwani inayousema kuwa ni nasaha juu ya wajibu wa mke. Anwani hiyo imetangulia mbele ya shairi tangu wakati huo. Msomaji asiyeiona anwani kwanza hukuta mambo mengine: mwanamke mgonjwa anayemwita binti yake aje na wino na karatasi, dua ndefu, adabu za kuishi na watu wa kila namna, na utulivu wa mtu ajuaye kwamba anakufa. Mtungaji alikuwa mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, sheikh aliyempinga Sayyid Said kwa miaka mingi. Hakuwa mgeni wa mambo ya utawala. Hapana anayedai kwamba mafunzo ya utii hayamo. Yamo, na ni mengi. Lakini shairi lote likisomwa, kutoka bismillahi hadi tarehe, mwanafunzi ataweza kubishana nalo. Likisomwa kwa beti nane zilizokatwa, atakubaliana tu na mwalimu wake. Hii ndiyo sababu nyingine ya kuteua kazi nzima badala ya dondoo.

Tena si haki abaki peke yake kuwasemea wanawake wote. Katika riwaya na tamthilia, kamati za miaka ya karibuni zimewateua wanawake walio hai bila kutafuta udhuru. Katika ushairi kinachokosekana ni diwani zilizochapwa, si watungaji. Pwani yote inajua kwamba wanawake wametunga, na wanatunga, nyimbo za harusi, za unyago na za taarabu.

Mshairi aliyefungwa

Jina lisilokwepeka katika karne ya 20 ni la Abdilatif Abdalla. Alifungwa kwa waraka wake wa mwaka 1968 uliouliza Kenya inakwenda wapi, na kati ya mwaka 1969 na 1972, akiwa gerezani, alitunga mashairi yaliyochapwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka 1974 diwani hiyo ilipewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtungaji. Hoja kwamba mshairi huyu ni wa kisiasa mno kwa wanafunzi ilijibiwa na watoaji wa tuzo hiyo nusu karne iliyopita.

Kwa mwalimu, faida ya Sauti ya Dhiki ni ya kiufundi pia. Inaonyesha kwamba arudhi za kale na lahaja ya Kimvita zaweza kubeba fikra kali za wakati huu. Katika mgogoro wa miaka ya 1970, pale Kichomi ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1974 na wahafidhina wakauliza kama tungo zisizo na vina ni mashairi, ilidhaniwa na wengi kwamba umbo la kale ni la fikra za kale, na umbo jipya ni la fikra mpya, na kwamba la kwanza ni la pwani na la pili ni la bara. Dhana hiyo bado yafundishwa. Abdilatif anaivunja kwa upande mmoja. Alamin Mazrui, mzaliwa wa Mombasa aliyezuiliwa mwaka 1982 na 1983, anaivunja kwa upande wa pili kwa mashairi huru ya Chembe cha Moyo, diwani iliyotoka mwaka 1988. Wawili hao wakisomwa pamoja, mgogoro wote waeleweka bila mhadhara.

Kithaka wa Mberia angefaa vile vile kuwakilisha ushairi huru, hasa kwa jinsi Mchezo wa Karata na Bara Jingine zinavyotumia taswira za nchi kavu. Ama kuhusu Shaaban Robert, yatosha kusema kwamba hana haja ya kutetewa, na kwamba kutokuwa kwake Mkenya si kipingamizi: Mwana Kupona naye hakupata kuijua nchi iitwayo Kenya.

Utekelezaji

Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa mwaka 2017 umeipa Fasihi ya Kiswahili nafasi ya kuwa somo la kuchagua katika sekondari ya juu. Hapo ndipo mahali panapofaa pa kuanzia, kwa sababu wanafunzi watakuwa wachache na wenye hamu. Washairi wanne wanatosha: malumbano ya Muyaka na wenzake, utendi mzima wa Mwana Kupona, Sauti ya Dhiki, na diwani moja ya mashairi huru. Shairi lisilosomwa kabla libaki katika mtihani, lakini liwe la mmoja wa washairi hao, ili ufahamu upimwe kwa mtu ambaye sauti yake imekwisha kuzoewa. Na mwongozo wa kusahihisha uondoe lahaja katika orodha ya uhuru wa mshairi, ili anayeandika kwamba mato ni Kimvita cha macho apewe alama ya kujua, na anayeandika kwamba mshairi ameboronga asipewe.

Kikwazo kikubwa ni vitabu. Chapa ya Hichens ni adimu hata katika maktaba za vyuo vikuu, na kitabu cha Abdulaziz kiliandikwa kwa ajili ya watafiti. Mwanafunzi anahitaji chapa yenye matini ya lahaja upande mmoja na sherehe upande wa pili, pamoja na kanda ya sauti ya mghani wa Mombasa na ya mghani wa Lamu. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mhariri aketiye Nairobi na kamusi sanifu. Inawahitaji wale ambao bado wanazisoma hati za herufi za Kiarabu na kutofautisha t mbili bila kufikiri, nao wengi wao ni wazee, na hawamo katika kamati yoyote ya mitaala.